Kutoegemea na Kutofungamana: Historia ya Istilahi Mbili

Miezi michache iliyopita ililetwa mezani kwetu tafsiri ya mhadhara mmoja juu ya siasa za nchi za nje, ili tuikague kabla haijapigwa chapa. Mfasiri wake ni mtu mzoefu, na Kiswahili chake kilikuwa safi tangu mwanzo hadi ukurasa wa tisa. Hapo ndipo tulipoikuta sentensi hii: "Nchi isiyofungamana na upande wowote si lazima iwe nchi isiyofungamana na upande wowote." Tulicheka kidogo, kisha tukaacha kucheka. Mhadhiri alikuwa ametumia maneno mawili yenye maana mbili, naye mfasiri alikuwa nalo moja tu la kuyafasiria yote mawili. Alipoulizwa, alijibu kwa unyoofu kwamba kamusi alizozitazama zilimpa tafsiri ile ile kwa maneno yote mawili, naye hakuona kwamba ana mamlaka ya kubuni jingine.

Hatuna budi kukiri kwamba lawama si yake peke yake. Kwa miaka mingi sisi tunaoshughulika na istilahi tumeyaacha maneno haya yachanganyike, tukidhani kwamba tofauti zake ni jambo la wanasheria tu. Kumbe sivyo. Mwalimu wa historia anayesahihisha mitihani hawezi kumpa haki mwanafunzi wake ikiwa swali lenyewe halitofautishi hali ya kisheria ya nchi wakati wa vita na siasa ya nchi wakati wa amani. Mtumishi wa serikali anayetayarisha taarifa kwa Kiswahili anaweza, kwa neno moja, kuisemea nchi yake ahadi ambayo haikupata kuitoa. Kwa hiyo katika makala haya tunakusudia kuifuata historia ya maneno haya mpaka mahali ambapo yaliigusa nchi yetu, kisha tuseme tunapendekeza nini.

Neno la kwanza ni lile ambalo lugha za Ulaya zimelirithi kutoka Kilatini. Asili yake ni maneno mawili, *ne* na *uter*, ambayo kwa pamoja yana maana ya "wala huyu wala yule", yaani kati ya watu wawili. Msomaji aiangalie hesabu hiyo: ni wawili, si zaidi. Neno hilo liliumbwa kwa ulimwengu wenye mafahali wawili zizini. Kiswahili kiliposema "upande wowote" kilitumia hesabu pana zaidi, kwani "wowote" haijali kama pande ni mbili, tano au kumi.

Lakini yafaa pia tuseme wazi kwamba lugha yetu, kabla ya kuwa na istilahi hii, haikumpenda sana mtu aliyesimama katikati. Ilimwita ndumilakuwili, kwa jina la yule nyoka adhaniwaye kuwa na vichwa viwili. Ilimwita popo, ambaye si ndege wala si mnyama. Ilisema ana mguu ndani na mguu nje. Aliyeheshimiwa ni msuluhishi, na msuluhishi hakai kando. Huingia katikati ya ugomvi kwa idhini ya wote wawili. Basi mtu anayejitenga tu, asiyepatanisha wala kupigana, hakuwa na jina zuri. Huenda ndiyo sababu watu wetu walipohitaji jina la heshima kwa siasa hiyo walikwenda kwenye kitenzi kingine kabisa, kama tutakavyoona.

Tuanze na sheria. Tarehe 20 Novemba 1815, baada ya Napoleon kushindwa, dola kubwa za Ulaya zilitia sahihi mjini Paris tamko la kuitambua Uswisi kuwa nchi ya kudumu isiyoegemea upande katika vita. Mwaka 1839, kwa Mkataba wa London, Ubelgiji iliwekewa sharti la namna hiyo hiyo, na dola tano zikawa wadhamini: Uingereza, Ufaransa, Austria, Prussia na Urusi. Uswisi ilikuwa imeitaka hali hiyo yenyewe. Ubelgiji ilipewa, kwa sababu hakuna kati ya wakubwa aliyekubali mwenziwe aichukue. Mwaka 1907, mjini The Hague, kanuni za jambo hili ziliandikwa kwa kirefu. Ardhi ya nchi isiyo vitani haivunjwi. Wanaopigana hawaruhusiwi kupitisha humo majeshi wala misafara ya silaha. Askari watakaokimbilia humo watazuiliwa. Na nchi yenyewe, ikiamua kuzuia biashara fulani, sharti iizuie kwa pande zote sawasawa. Huu ni wajibu, wala si moyo wala maoni. Nchi inaweza kumchukia mmoja wa wapiganaji kwa chuki kubwa na bado ikatimiza kila kifungu.

Sasa tuje kwetu. Wengi wanaufahamu Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 kwa sababu ya kugawanywa kwa Afrika, lakini ni wachache waliosoma sura ya tatu ya Mkataba wake Mkuu, uliotiwa sahihi tarehe 26 Februari 1885. Sura hiyo yahusu jambo hili hili tunalolizungumza. Mkataba ulichora eneo la biashara huria lililoitwa bonde la Kongo, ingawa kwa kweli mipaka yake ilivuka maziwa makuu ikafika hadi Bahari ya Hindi, tangu latitudo ya digrii 5 kaskazini hadi mlango wa mto Zambezi. Yaani Mombasa, Tanga, Bagamoyo na Kilwa zote zilihesabiwa ndani ya "bonde la Kongo", jambo ambalo mvuvi wa Pangani angelishangaa kulisikia. Seyyid Barghash bin Said wa Unguja, ambaye dola zenyewe zilimtambua kuwa mtawala wa sehemu kubwa ya pwani hiyo, hakualikwa Berlin. Mkataba ulisema tu kwamba katika ardhi ya mtawala aliye huru masharti ya biashara yangefuatwa kwa ridhaa yake.

Kifungu cha 10 kilizifunga dola kuheshimu hali ya kutoegemea ya nchi zilizomo katika eneo hilo, maadamu dola yenye kuzitawala imechagua kutangaza hali hiyo na inatimiza wajibu wake. Kifungu cha 11 kilisema kwamba ikiwa dola yenye makoloni humo itaingia vitani, basi wengine watafanya usuluhishi ili makoloni hayo, kwa makubaliano ya wapiganaji wote, yawekwe nje ya vita na yahesabiwe kana kwamba ni ya nchi isiyopigana. Mfasiri makini ataona maneno mawili yanayobeba mzigo wote hapa: "imechagua" na "kwa makubaliano". Mlango ulijengwa, lakini ufunguo waliachiwa wale wale ambao siku moja wangetaka kuingia kwa nguvu. Ataona pia kwamba vitenzi vya kifungu hicho cha 11 viko katika kauli ya kutendwa: makoloni yawekwe, yahesabiwe. Wenye nchi hawakuwa watendaji wa kitenzi chochote.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani, mrithi wa ile Prussia iliyokuwa mdhamini mwaka 1839, yaliingia Ubelgiji. Siku tatu baadaye serikali ya Ubelgiji iliziomba Uingereza na Ufaransa zikubali Kongo na bonde lote liwe nje ya vita, kwa mujibu wa Mkataba wa Berlin. Ujerumani nayo baadaye ilitaka jambo hilo hilo, ikaomba Marekani ipeleke ujumbe. Gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, Heinrich Schnee, hakuwa na hamu ya vita katika koloni lake. Aliogopa kwamba watawala wakipigana wao kwa wao, watawaliwa wangepata nafasi ya kuinuka, na Vita vya Maji Maji vilikuwa havijatimiza miaka kumi tangu viishe. Kamanda wake wa majeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na mawazo mengine kabisa.

Kwa nini basi vifungu vile havikufanya kazi? Jibu limo katika mizani ya nguvu.  Mwaka 1914 meli ya vita ya Ujerumani *Königsberg* ilikuwa imetoka bandari ya Dar es Salaam siku chache kabla ya vita, na kituo cha simu ya upepo cha mji huo kiliweza kuzungumza na meli baharini. Kwa Uingereza, koloni lililo nje ya vita lenye bandari na kituo kama hicho lilikuwa ni ngao ya adui. Kwa Ujerumani, iliyojua kwamba baharini imezidiwa, ngao hiyo ndiyo iliyotakiwa. Kila mmoja aliisoma karatasi ile ile kwa kipimo cha silaha zake. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza *Astraea* ilikishambulia kituo cha Dar es Salaam. Tarehe 13 meli ya Waingereza iliishambulia meli ya Wajerumani katika Ziwa Nyasa. Tarehe 15 Wajerumani waliitwaa Taveta. Tarehe 22 meli ya Wajerumani iliishambulia meli ya Wabelgiji katika Ziwa Tanganyika, na baada ya hapo Wabelgiji hawakuwa na sababu ya kuomba tena. Uingereza ilikwisha kukataa.

Kuna kisa kimoja hapa ambacho twapenda kukaa nacho kidogo, kwa sababu ni historia ya neno lililopewa na kutwaliwa. Makamanda wa manowari za Kiingereza walipatana na maofisa wa serikali ya Kijerumani kwamba Dar es Salaam na Tanga hazitafanya kitendo chochote cha uadui, nazo hazitapigwa mizinga. Wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza walikataa kuyathibitisha mapatano hayo. Hata hivyo, tarehe 2 Novemba 1914, kabla ya kushusha askari Tanga, nahodha wa manowari *Fox* aliona ni wajibu wake kwenda kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba mapatano yamevunjika. Kikosi kilicholetwa kutoka India kilikuwa na askari wapatao 8,000. Waliowangoja walikuwa takriban 1,000. Taarifa ile iliwapa Wajerumani muda wa kuleta askari kwa reli kutoka Moshi, na kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wameshindwa na kurudi melini. Wako wanaomcheka nahodha huyo. Sisi hatumcheki. Katika mambo yote ya Agosti hadi Novemba mwaka ule, yeye ni mmoja wa wachache waliolichukulia neno lililotolewa kuwa na uzito.

Vita viliendelea miaka minne. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo yaitwa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Waliokufa kwa wingi zaidi si askari bali wapagazi, makumi ya maelfu, kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa, wakiwa wamebeba unga na risasi za vita ambavyo vifungu vya Berlin vilisema vingeweza kuzuiwa. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilikuwa na jina la Kiingereza ambalo watu walilitamka kwa namna yao, na hivyo ndivyo Dar es Salaam ilivyopata mtaa wa Kariakoo, na Nairobi mtaa wa Kariokor. Kila siku watu huenda humo kununua nguo na mchele. Tunaotafuta maneno tunapaswa kukumbuka kwamba Mkataba wa Berlin haukuacha istilahi hata moja katika Kiswahili cha kila siku, ila kuvunjwa kwake kuliacha hilo. Mwaka 1919, huko Saint-Germain-en-Laye, mkataba huo ulirekebishwa, na vifungu vya kuliweka eneo nje ya vita havikurudishwa.

Neno la pili lilizaliwa katika hali tofauti. Aprili 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, na Septemba 1961 nchi 25 zilikutana Belgrade na kuanzisha umoja. Tanganyika ilipata uhuru miezi mitatu baadaye. Nchi hizi hazikusema kwamba zitakaa kando vita vikizuka. Zilisema kwamba hazitaingia katika kambi ya Magharibi wala ya Mashariki, na kwamba zitaamua kila jambo kwa haki yake. Kiswahili kililichukua wazo hilo na kulipa kitenzi kizuri mno: kufungamana. Shina lake ni *funga*, na kiambishi *-mana* chaonyesha, kama katika kushikamana na kuandamana, vitu viwili vilivyoshikana kila kimoja na chenzake. Anayekataa kufungamana anakataa kamba. Hakatai kusema, hakatai kusaidia, wala hakatai kukasirika.

Mfano wa wazi uko katika miaka ya kwanza ya Muungano. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na kanuni ya kuvunja uhusiano na nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani ya Mashariki. Nayo Zanzibar ya Mapinduzi ilikwisha kuitambua hiyo ya Mashariki kabla ya Muungano wa Aprili 1964. Mwalimu Nyerere alitafuta njia ya kati, na mwanzoni mwa 1965 Ujerumani ya Mashariki iliruhusiwa kuwa na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kamili. Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu alijibu kwa kuukataa na ule msaada mwingine uliobaki. Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Wakati huo huo Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Je, nchi hiyo tuiite isiyoegemea upande? Katika suala la Rhodesia, la Msumbiji na la makaburu iliegemea, tena kwa uzito wake wote. Lakini haikufungamana na kambi, na ililipa gharama ya kutofungamana. Aprili 1970 wajumbe wa nchi zisizofungamana walikutana Dar es Salaam kutayarisha mkutano mkuu wa Lusaka, na hakuna aliyeona kwamba mwenyeji wao amekosa sifa.

Kinyume chake pia kilitokea. Katika mkutano mkuu wa Havana, Septemba 1979, mwenyeji, Cuba, alitaka umoja huo uione kambi ya Kisovieti kuwa rafiki wa asili, naye Tito wa Yugoslavia, aliyekuwa katika mwaka wake wa mwisho kamili wa uhai, alipinga. Hapo palikuwa na nchi ambayo ni mwanachama wa wasiofungamana na bado imeegemea. Kwa maneno yale mawili, tofauti hiyo husemwa kwa sentensi moja. Kwa neno moja, haisemeki kabisa.

Kambi ya Mashariki imekwisha toweka, na wako waliodhani kwamba istilahi hizi zingezikwa nayo. Mambo ya miaka ya karibuni yameonyesha vingine. Finland, ambayo tangu 1948 ilifungwa na mkataba na Urusi ya Kisovieti na kuishi kwa tahadhari kubwa, iliingia NATO tarehe 4 Aprili 2023. Sweden, ambayo haikupigana vita tangu 1814, iliifuata tarehe 7 Machi 2024. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopiga kura juu ya kuvamiwa kwa Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono azimio, 5 zilipinga, na 35 zilijizuia. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa miongoni mwa waliojizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono. Zote sita ni wanachama wa umoja wa nchi zisizofungamana. Januari 2024 umoja huo ulifanya mkutano wake mkuu Kampala, na Juni mwaka huo huo Marekani iliitangaza Kenya kuwa mshirika wake mkuu aliye nje ya NATO. Mtangazaji wa habari anayetakiwa kuyaeleza hayo kwa Kiswahili cha dakika mbili hawezi kuponea kwenye neno moja.

Mapendekezo yetu basi ni haya. *Kutofungamana* libaki kwa siasa ya kukataa kambi, kama lilivyozoeleka, wala tusilibebeshe kazi nyingine. *Kutoegemea upande* litumike kwa hali ya kisheria ya nchi isiyopigana, na ikibidi kuonyesha kwamba hali hiyo ni ya daima, kama ya Uswisi, au ya Austria tangu 1955, isemwe *kutoegemea kwa kudumu*. Tunajua kwamba kuegemea ni neno la moyo vilevile, na kwamba sheria haipimi moyo. Hiyo ni kasoro tunayoikubali, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha enea. *Kutopendelea* liachiwe hakimu, refa na msuluhishi, ambao wamo ndani ya shauri lakini hawamwonei mtu. *Kujizuia* ni tendo la siku moja katika chumba cha kupigia kura. Lisigeuzwe kuwa siasa ya nchi. Aliyejizuia leo aweza kuunga mkono kesho.

Linabaki lile la Berlin, yaani ardhi iliyowekwa nje ya vita na watu wengine. Kulitia katika kutoegemea tunaona si haki, kwani kutoegemea ni tendo la mtu mwenye hiari. Kwa sasa tunatumia *eneo lililotengwa na vita*, na tumeihifadhi kauli ya kutendwa kwa makusudi. Ni refu, na walimu wawili wameshalalamika kwamba halikai vizuri ubaoni. Msomaji mwenye fupi zaidi, lisiloificha kauli hiyo, atuandikie.

Mhadhara ule ulipigwa chapa mwezi uliofuata. Sentensi ya ukurasa wa tisa sasa yasomeka hivi: "Nchi isiyofungamana na kambi yoyote si lazima iwe nchi isiyoegemea upande wowote."